Sehemu Niliyoikata Chini ya Picha

Mwanangu Zulfa,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi. Sasa hivi uko Ruangwa kwa shangazi yako, na ninavyomjua, hatakuacha uondoke kabla hujala wali wake na kusikiliza habari za magoti yake. Baba yako yuko shambani, korosho zimeanza kuanguka. Nimepata mchana mzima peke yangu nyumbani, jambo ambalo halitokei, nikasema niutumie kabla ujasiri haujanitoka.

Mambo ya chuo huko Kigoma sitayaandika. Nani atakupokea, utakula wapi, sanduku ulifunge vipi, hayo tumeyasema wiki nzima mpaka nimekuona unageuza macho. Ninachoandika ni kitu kimoja tu, nami nimekificha tangu ukiwa kidato cha pili.

Jana nilikuona unaitoa ukutani ile picha ya radi. Uliifuta vumbi kwa pindo la dera lako, ukaizungushia khanga mbili, ukailaza katikati ya nguo ili kioo kisivunjike. Ukaniambia, "Mama, hii ndiyo itakuwa ya kwanza kutundikwa chumbani kwangu." Nikasema, "Sawa." Kisha nikaenda uani, nikasimama kwenye kamba ya nguo muda mrefu, na sikuwa na nguo ya kuanika.

Najua picha hiyo imekufanya nini. Ulikuwa ukifunga shule unakuja kuiangalia kabla hujavua viatu. Ulihesabu matawi ya radi ile kwa kidole, mara unapata kumi na moja, mara kumi na tatu. Mwezi wa saba, ukiwa Masasi kwa mama yako mkubwa, ulipotakiwa kueleza kwa nini unataka kusomea hali ya hewa, uliandika kwamba mama yako alipiga picha ya radi juu ya vilima vya upande wa Ruangwa, na tangu siku hiyo umetaka kujua ndani ya wingu kuna nini. Ulinisomea maneno hayo kwa simu, sauti yako imejaa furaha. Nilikusikiliza mpaka mwisho. Kisha nikakwambia sikusikii vizuri, mtandao unakatika.

Mtandao haukuwa unakatika.

Picha hiyo si nzima, Zulfa. Niliikata chini, upana wa vidole viwili. Nitakueleza nilichokikata.

Unakumbuka droni ilivyoingia nyumbani kwetu. Niliinunua kwa ajili ya harusi. Studio yangu ilikuwa pale karibu na stendi, asubuhi napiga picha za pasipoti, mwisho wa wiki nazunguka kwenye shughuli za watu. Watu walipenda kujiona kutoka juu, bibi harusi mdogo kama punje ya ufuta na wapiga ngoma wamemzunguka. Sasa siku moja, harusini Kiegei, wingu lilitokea ghafla nyuma ya msikiti. Watu wakakimbilia chini ya turubai, mimi bado nahangaika kuishusha droni. Kwenye simu yangu, iliyoshikizwa juu ya rimoti, nikaona anga linapasuka jeupe. Nilipofika nyumbani niliitazama ile video picha moja moja, nikaikuta radi yote, kutoka kwenye wingu mpaka ardhini, kama mzizi wa mti ulioning'inizwa. Nikaiweka mtandaoni. Watu nisiowajua, wa miji ambayo sitaifikia, wakaniandikia kwamba hawajapata kuona kitu kama kile.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo juu ya kazi yangu. Picha ya pasipoti haisifiwi na mtu.

Basi nikaanza kuyafuata mawingu. Mvua zikishaanza, nikiona mchana jua limekuwa kali kupita kiasi na upepo umesimama, nafunga studio, nabeba begi mgongoni, nawasha pikipiki. Baba yako alisema, "Watu wazima wanaikimbia radi, mwenzetu unaifuata." Nikacheka. Nilijifundisha mwenyewe. Nilijua kusimama mbali na wingu, kurusha mbele ya mvua wala si ndani yake, kuishusha droni kabla betri haijaisha. Nikajua na kitu kingine ambacho hakuna aliyenifundisha. Kuna dakika moja kabla ya radi kubwa ambapo vyura wote wananyamaza kwa pamoja, kama kuna mtu amewaamuru. Majani ya mikorosho yanaacha kutikisika. Malaika ya mikononi yanasimama yenyewe. Nilikuwa naipenda sana dakika hiyo. Nilikuwa naingojea kama mtu anayengoja kuitwa jina lake.

Ilikuwa Februari, mahindi yanakaribia kukomaa, watu wanalinda mashamba dhidi ya ngedere na nguruwe. Wewe ulikuwa bwenini. Nilisimamisha pikipiki upande wa Mtua, kwenye kilima kidogo cha mawe kando ya barabara, kabla ya magharibi. Wingu lilikuwa limelala juu ya vilima, rangi yake kama sufuria iliyoungua, na chini yake kumebaki mwanga wa njano usio na joto. Nilirusha. Droni ikaenda mbele, juu ya mashamba ya watu, na baada ya muda sikuisikia tena. Nilikuwa naziona taa zake mbili tu, nyekundu na kijani, zimesimama hewani.

Radi ya kwanza ilipiga mbali, kule vilimani. Ya pili ikasogea. Hapo simu ikaandika kwamba dira imevurugika, na droni ikaanza kujigeuza yenyewe, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Nilipaswa kuirudisha. Badala yake niliisogeza kushoto, kuelekea kwenye mkorosho mmoja mkubwa uliokuwa mpakani mwa mashamba mawili, kwa sababu kutoka pale vilima vilikaa vizuri zaidi kwenye picha. Ikaja ya tatu. Nikajua nimeipata. Kisha vyura wakanyamaza, na ya nne ikaja na sauti yake papo hapo, kioo kikawa cheupe, masikio yakaziba. Nilidhani droni imekwisha. Lakini ilikuwepo. Niliiita ikarudi, imelowa, nikaidaka mikononi, ina joto kama kuku aliyetoka kutamia.

Nilirudi Nachingwea naimba ndani ya helmeti. Lazima ulijue hilo. Sikujua kitu, nilikuwa na furaha tu.

Asubuhi niliifungua video studio. Picha ya radi ya tatu ndiyo hiyo unayoijua. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Halafu nikaona chini kabisa, kwenye ukingo wa mahindi, kuna kitu cheupe. Nikakikuza. Alikuwa mtu amevaa shati jeupe, amesimama, uso wake ameuelekeza juu kwangu, mkono mmoja ameuweka juu ya macho. Nilitabasamu. Nikasema mkulima huyu kaishangaa droni. Nikawa nawaza nimkate, kwa sababu anaiharibu picha. Na pale pale akaingia kijana wa kutaka pasipoti. Nikamwambia akae kwenye kiti, anyooshe mabega.

"Mama, umesikia huko Mtua?" akasema. "Radi imeua mtu jana."

"Nani?"

"Mfaume, mume wa Mwanaidi. Wamemkuta chini ya mkorosho."

Nilimpiga picha. Picha ilitoka safi, na hilo nimelifikiria sana baadaye. Alipoondoka nilifunga mlango, nikairudia video picha moja moja.

Radi ya kwanza inaonesha dungu, kile kijumba cha juu ya miti cha kulindia shamba, na Mfaume amekaa, miguu inaning'inia, amenyanyua uso. Katika ya pili yuko chini, ameshashuka. Katika ya tatu yuko kwenye ukingo wa mahindi. Kati ya kila radi na nyingine ni giza, huoni kitu. Lakini kila mwanga unapokuja, yeye amesogea, na kila aliposogea ni upande ule ambao mimi niliisogeza droni. Alikuwa anazifuata taa zangu. Uso wake haujawahi kushuka. Radi ya nne inafuta kila kitu, na picha inaporudi, mkorosho unatoa moshi na hakuna aliyesimama.

Najua dungu si kinga ya radi. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini dungu lile halikupigwa.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hilo ndilo kosa langu. La kwanza sikulijua. Hili la pili nililijua tangu saa lilipoanza.

Mpakani pale, upande wa pili wa mkorosho, alikuwa analima bibi mmoja mjane, Bi Somoe. Yeye na Mfaume waligombania ule mti misimu kadhaa, kila mmoja akisema ni wake. Mbele ya watu Bi Somoe alipata kusema, "Basi mti wenyewe utakuja kuamua." Ni maneno ya hasira tu, kila mtu anayasema. Lakini jioni ile nusu ya kijiji waliona taa mbili, nyekundu na kijani, zinaelea juu ya shamba la Mfaume bila sauti, halafu radi ikashuka pale pale. Wakasema ile si radi ya Mungu, ni ya kutumwa, na zile taa ni macho yake, yalikuwa yanamtafuta mtu wake. Na aliyeyatuma wanamjua.

Habari hizo zililetwa studio kwangu na wateja, moja moja, kila siku imeongezeka. Mimi nashika mkasi nakata pasipoti. Nilikuwa naweza kusema maneno matano tu: taa zile zilikuwa za droni. Sikusema. Siku ile sikuwa na kibali cha kurusha, nikaogopa kunyang'anywa. Nikaogopa watasema basi ni mimi niliyemuua. Nikajiambia watatulia. Hawakutulia. Walichoma jiko lake la uani. Kikaitwa kikao, akaambiwa aondoke kwa usalama wake mwenyewe, aende kwa mtoto wa kaka yake Matambarale.

Siku ya kuondoka alipita Nachingwea kusubiri gari. Alikaa juu ya furushi lake, nje ya studio yangu, kwenye kivuli cha bati. Sikumjua kwa sura. Aliingia akaomba maji ya kunywa. Nikampa kikombe. Akiwa anakunywa, mama wa duka la jirani alipita mlangoni akamwona, akanikonyeza na kuninong'oneza jina lake.

Picha ilikuwa imeshatundikwa ukutani, imeshakatwa. Bi Somoe aliitazama juu ya kikombe.

"Hiyo ni radi?"

"Ndiyo, bibi."

Akaisogelea. Akainama kidogo, akatazama ukingo wa chini, kama mtu anayechungulia dirishani.

"Nzuri," akasema. Akanirudishia kikombe, akatoka.

Zulfa, mambo mengi nimeyasahau katika maisha yangu, hata siku uliyoanza kutembea siikumbuki sawasawa. Lakini uzito wa kikombe kile ninao mkononi mpaka leo.

Baada ya hapo nilikaa miaka mitano na nusu. Naandika hesabu hiyo ili usiniwazie kwamba nilichelewa siku mbili tatu. Kunyamaza hakuumi kila siku, ndiyo hatari yake. Kunazoeleka. Unaamka, unafungua duka, unacheka na watu. Lakini kazi ya juu ilianza kunishinda. Droni ikipaa harusini watu wote wanainua nyuso, wanaweka mikono juu ya macho, wanapunga. Wewe ulipenda sana kipande hicho cha video. Mimi nilikuwa natazama nyuso mia mbili zimeelekea juu, na katikati yao natafuta shati jeupe. Mara mbili nililiona. Mara zote mbili alikuwa mtu mwingine, lakini nilikuwa nimeshaiteremsha droni na kuwaambia wenye shughuli betri imekufa. Na wateja wakisimama mbele ya ile picha, niliona wengi wanainama kidogo kutazama chini, pale pale alipokatwa. Labda wote walikuwa wanainama tangu zamani, mimi ndiye sikuwa naangalia.

Aliwahi kuja bwana mmoja wa hali ya hewa, anapita tu, anataka pasipoti. Nikamuuliza kama vile naulizia habari za mtu mwingine: droni inaweza kuita radi?

"Hapana mama," akasema. "Radi inatafuta kilicho kirefu. Mti, mnara. Hicho kidege chako haikijui."

Nikapumua. Kisha nikamuuliza, "Na mtu akiacha mahali alipo kwa sababu anakishangaa kidege?"

Akanitazama vizuri. "Hilo sasa si la hali ya hewa," akasema.

Halafu ndiyo ikaja simu yako ya mwezi wa saba. Uliponisomea yale maneno nilielewa kwamba nimekulea juu ya picha hiyo. Wiki iliyofuata nilichapa picha nzima, nikapanda pikipiki, nikaenda Matambarale.

Nilimkuta Bi Somoe uani, anabangua korosho za kukaanga, vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Amezeeka. Hakunikumbuka. Nilitoa salamu, nikakaa kwenye mkeka, nikamwekea picha mbele yake. Aliifuta mikono kwenye kitambaa kwanza, akaishika kwa ncha.

"Huyu Mfaume," akasema.

"Ndiye."

"Anatazama nini?"

"Ananitazama mimi, bibi. Ilikuwa kamera yangu, ile inayoruka. Zile taa zilikuwa zangu."

Alichukua korosho nyingine, akaipiga, akatoa kiini kizima bila kukivunja. Kisha akaniangalia usoni muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyenipa maji."

"Ndiyo."

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akasema kitu kwa Kimwera. Mimi Myao, Kimwera nasikia nusu, na nusu niliyoisikia ilinitosha. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, polepole, ili nisikose neno.

"Mimi nilitamka neno juu ya ule mti. Miaka yote hii nimekaa hapa nasema labda kweli. Labda kinywa changu ndicho. Nimeswali, nimefunga, nimemwomba Mfaume msamaha nikiwa peke yangu chumbani. Umenibebesha maiti isiyo yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kupigwa. Hilo sikuwa nimelijua. Nilidhani amefukuzwa tu, na moyoni anajua kwamba ameonewa. Kumbe tulikuwa wawili tunaoamini tumemuua mtu mmoja, yeye kule na mimi huku, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na picha.

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza kwa mkono.

"Usiniambie mimi. Mimi sikujifukuza. Nenda ukawaambie wao."

Basi nikaenda Mtua. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha watu jioni, kiwanja cha mpira. Niliposema habari ya taa, wengi hawakuamini, mzee mmoja akasema namtetea bibi kwa sababu nimelishwa kitu. Nikaitoa droni kwenye begi, nikairusha pale pale mbele yao, nikaipeleka juu ya shamba lile lile. Ilikuwa kiangazi, anga safi, hakuna wingu hata moja. Mwanzo watoto walicheka na kukimbia. Giza lilipoanza kushika, zikabaki taa mbili, nyekundu na kijani, zimesimama bila sauti juu ya kisiki cha mkorosho. Watoto wenyewe wakaacha kucheka. Watu kama mia tatu, wote nyuso juu.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndizo."

Mwingine akasema, "Ndizo zile."

Mwanaidi, mke wa Mfaume, alikuwa amesimama mbele. Yeye hakutazama juu. Alikuwa ananitazama mimi tangu mwanzo.

"Ulimwona?" akaniuliza.

"Wakati ule sikumwona. Nilimwona kesho yake, kwenye video."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akajifunga khanga vizuri akaondoka, na wanawake wengine wakamfuata.

Ungependa nikwambie kwamba Bi Somoe alirudi kwake. Mwenyekiti alimtumia ujumbe, na mimi nikaenda tena Matambarale kumbembeleza. Nyumba yake ilikuwa imeshaanguka, kwenye kiwanja chake kuna mbaazi za mtu mwingine. Akasema, "Nirudi nikaamkiane na nani? Waliochoma jiko langu wote ninawajua kwa majina. Hapa angalau siwajui watu." Amebaki hapo. Nikienda ananipokea, ananipa kiti, hanipi maji. Sijamwuliza kwa nini, na sitamwuliza.

Na harusi zikakatika. Mtu hataki ndoa ya mwanawe itazamwe na mama wa radi, ndilo jina walilonipa. Uliporudi mwezi wa tisa ukakuta studio imehamia chumba cha mbele, nikakwambia nimechoka na kelele za stendi. Ukaniamini. Ndiyo maana naandika badala ya kusema, kwa sababu kwa mdomo nimeshakudanganya mara nyingi na ninajua ninavyoweza.

Wiki iliyopita, ulipokuwa sokoni, Mwanaidi alikuja hapa. Alibisha hodi kama mteja. Nilimkaribisha akakaa kwenye kile kiti cha pasipoti, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa wazi. Akasema hana picha ya mumewe. Iliyokuwepo ni ya kwenye kitambulisho, imefifia, na mtoto wao wa mwisho hamkumbuki baba yake kabisa.

Nikamletea picha nzima. Aliiweka magotini. Akaitazama radi kwa jicho moja hivi, kama unavyomtazama mtu uliyekosana naye. Kisha akaifunika kwa kiganja chake, anga lote, vilima vyote, akabaki na ukanda mdogo wa chini.

"Ndiye," akasema. "Anavyosimama. Mguu wa kushoto mbele."

Uso hauonekani, Zulfa, ukiukuza unabaki nukta tu. Lakini mguu wa kushoto uko mbele, na mimi katika miaka yote ile sikuwa nimeuona.

"Alikuwa anaogopa?" akauliza.

Nilitamani kumwambia hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikasema, "Sijui, Mwanaidi. Naona mkono uko juu ya macho. Anaonekana kama mtu anayetaka kujua ile ni nini."

Akatikisa kichwa taratibu. "Huyo ndiye. Hakuwahi kuacha kitu mpaka akijue."

Akaniomba nimchapie Mfaume peke yake. "Hiyo radi yako baki nayo," akasema. Nikamkatia, nikamchapia kubwa kadiri ilivyowezekana. Aliikunja ndani ya khanga akatoka, na mlangoni akaniaga kwa jina langu, Halima, si mama wa radi. Sidhani kama amenisamehe. Ameniaga tu.

Sikwambii uache chuo, wala usome kitu kingine. Soma. Nenda ukajue ndani ya wingu kuna nini, kwa sababu mimi nililifuata bila kujua. Utakuwa na macho yanayofika mahali ambapo wengine hawafiki, na siku moja yatakuonesha kitu ambacho hukukitafuta, na mkasi utakuwa mkononi. Siwezi kukwambia utafanya nini. Nimekwambia tu mimi nilifanya nini.

Picha uliyoizungushia khanga sijaigusa, iko sandukuni ulivyoiweka. Ile nzima iko ndani ya bahasha hii, nyuma ya karatasi. Amua mwenyewe utakwenda na ipi, au uende bila yoyote.

Gari lako ni alfajiri, tuna jioni nzima. Ukimaliza kusoma njoo uani, nitakuwa nachambua mchele. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kukaa bila kusema, kuna kigoda. Na kama una hasira nami, nikasirikie leo, hapa hapa, nikiwa mbele yako. Usiibebe mpaka Kigoma ukaizoee.

Mama yako,
Halima